Tabaka la Mita ya Kumi na Tisa

Nianze na lile linaloniuma kuliko yote, maana najijua, nikiliweka mwisho nitalizungukazunguka mpaka nilipoteze: nilimcheka mjomba wangu mbele za watu, tena kwa sauti, na yeye ndiye aliyekuwa amesema kweli. Maji kuingia chumvi, ripoti niliyoiandika, jina baya alilobandikwa mtu mzima yule, yote yalikuja nyuma ya kicheko kile.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, wa tumbo moja. Kwao ni Mwera, ukivuka mto kwa pantoni kutoka Pangani, na kazi yake ni kuchimba visima kwa mkono. Mimi nilikulia Tanga mjini, lakini likizo zangu zote za shule zilikuwa kwake, na kabla sijajua kusoma nilishajua kukaa kando ya shimo nikisubiri ndoo ya udongo ipande. Udongo wa kisima hautupwi ovyo kule. Kila unapobadilika unaanzishiwa fungu lake, na mafungu yanapangwa kwa mstari mmoja, la juu mwanzo, la chini mwisho. Mwenye kisima akija anapitishwa fungu baada ya fungu, anashika, ananusa, na fundi anaonja mbele yake. Hayaondolewi mpaka watu wayanywe maji yale siku arubaini, kusudi likitokea la kutokea kila mtu aje ajionee kilichotoka. Nikiwa na miaka saba nilichota vijiwe vya fungu la pili nikajengea nyumba juu ya fungu la tatu. Mjomba, ambaye hajawahi kunipandishia hata sauti, alinichapa fimbo mbili za chelewa miguuni, kisha akakaa chini akavitenganisha vijiwe vile kwa vidole huku mimi nikilia.

Mafungu yalikuwa na majina. Mchanga mwekundu wa juu wao huuita nguo. Chini yake kuna jiwe jeupe la matumbawe, limejaa vitundu, hilo ni mifupa. Halafu unakuja mchanga wa manjano wenye maji matamu, huo ni mtungi. Chini ya mtungi kuna udongo wa kijivu, mzito, unaong'ang'ania jembe mpaka ulivute kwa mikono miwili. Huo ndio mlango. "Mlangoni unapiga hodi, unarudi zako," mjomba alizoea kusema. Chini ya mlango kuna maji pia, tena mengi, lakini ni ya bahari ya zamani, yamefungiwa huko na yana hasira. Fundi anayejua kazi akiona jembe linaanza kushika kijivu, anaacha hapo hapo na kupanda juu.

Sikuchagua jiolojia kwa bahati mbaya, basi. Chuoni tulipofika kwenye miamba ya mashapo, ile iliyojengwa na mchanga na tope na makombe kulala tabaka juu ya tabaka, nilijiona niko nyumbani. Wenzangu walikariri, mimi nilikuwa nabadilisha majina tu. Mwalimu wetu mmoja alitufundisha kwamba macho peke yake hayatoshi kutofautisha tope na mfinyanzi. Chukua kidogo, alisema, uume kwa meno ya mbele. Ukikwaruza, hilo ni tope. Ukiwa laini kama siagi, huo ni mfinyanzi. Darasa zima lilikunja sura, mimi nikauma. Mwaka ule wakanipa jina la mla milima, na Wallahi nilikuwa naringa nalo.

Nikaajiriwa na kampuni moja ya kuchimba visima virefu kwa mtambo. Mwaka wa pili wa kazi, mradi ukaangukia Mwera. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja tu kinachotegemewa, alichokichimba mjomba kwa mkono, na watu wameongezeka, foleni ya ndoo inaanza alfajiri. Kisima kirefu kingeleta bomba mpaka zahanati. Mama alipopata habari alilia. "Kaka yangu kachimba cha kwanza, mwanangu anachimba cha pili," alimwambia kila aliyepita mlangoni, hata mwuza mkaa.

Kazi yangu pale ilikuwa hii. Mtambo unasaga mwamba, hewa inapuliza vipande juu, na kila mita moja mimi nakusanya vipande vile, naviosha, navitia kwenye mfuko wenye namba, naipanga mifuko juu ya turubai kwa mstari. Halafu naangalia kila mfuko, nalipatia tabaka jina lake, naandika kwenye fomu. Hiyo fomu si karatasi ya kupamba faili. Ndiyo inayoamua bomba litobolewe wapi lipokee maji, na lizungushiwe saruji wapi ili maji mabaya yasipite. Ukikosea jina la tabaka, fundi wa bomba atafuata kosa lako kwa uaminifu wote.

Mjomba alikuja asubuhi ya siku ya pili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasimama mbele ya turubai langu akaanza kucheka kwa furaha. "Kumbe! Chuo kikuu chote kile umekwenda kusomea mafungu yangu?" Akawageukia mafundi wa mtambo, watu wa bara wote, akawaambia, "Huyu nilimchapa kwa kuchanganya fungu la pili na la tatu. Leo mwangalieni." Angekuwa anasema mbele ya watu wa Mwera, ningemrukia shingoni kwa furaha. Lakini bosi wangu alikuwa pale, mhandisi, shati limenyooshwa, na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye kikosi kile, ndiyo kwanza wameanza kuniita injinia bila kutabasamu. Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Mzee! Mtu aliyenilea namwita mzee, kama nimekutana naye stendi. Alinitazama kidogo, akaenda kukaa pembeni juu ya jiwe.

Mita ya kumi na nane ilikuwa mchanga wa manjano, maji yanaruka. Mfuko wa kumi na tisa ukatoka wa kijivu, vipande vidogo vyenye weupeweupe ndani. Nikadondosha tindikali. Ikatoa povu. Jiwe la chokaa hutoa povu likiguswa na tindikali, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua, basi nikaandika: mwamba wa chokaa uliooza. Sikutazama weupe ule ulikuwa nini.

Mjomba aliinuka pale alipokaa. Hakuuliza. Alichukua kipande kwenye mfuko, akakisugua kwa kidole gumba, akakitia mdomoni, akakiuma taratibu huku amefumba jicho moja. Akakitema kiganjani akanionyesha. "Mpwa wangu, hili si jiwe. Huu ni mlango. Onja."

Nilijua la kufanya. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Na kabla sijanyoosha mkono, mhandisi akasema, "Mzee, kwani una mimba ya miezi mingapi?"

Mafundi walipasuka. Kwetu udongo wa kula huuzwa sokoni kwa wajawazito, kila mtu aliuelewa utani ule, na kusema kweli ulichekesha. Sina la kumlaumu mhandisi. Hakujua yule ni nani wangu, maana sikuwa nimemwambia. Mimi nilijua. Nikacheka. Si kicheko cha kufunika aibu, la. Nilicheka kile cha kutupa kichwa nyuma, ili waone niko upande gani. Kisha nikaongeza langu: "Sayansi haionjwi, mzee. Tindikali imeshasema."

Mjomba aliufuta mkono wake kwenye msuli. "Haya," akasema, "nyinyi ndio wenye mtambo." Akaondoka. Nilimwona mgongo tu, anapita katikati ya minazi, na nikarudi kwenye fomu yangu nikaandika mita ya ishirini.

Tuliendelea kushuka. Maji yalikuwa mengi, kipimo cha chumvi cha siku ile kikakubali kwa shida, bomba likatobolewa juu na chini bila saruji katikati, kwa sababu fomu yangu ilisema katikati hakuna tabaka la kuzuia kitu. Watu wakapiga vigelegele. Zahanati ikafunguliwa bomba, mimi nikapigwa picha.

Chai ndiyo iliyotangulia kusema. Wanawake walilalamika maziwa yanakatika kwenye sufuria. Baadaye maharage yakawa hayaivi, sabuni haitoi povu. Pampu ikisimama, maji ya chini yalikuwa yakipanda kupitia shimo letu na kuingia kwenye mchanga wa manjano, na mchanga ule ndio huo huo unaolisha kisima cha mjomba, hatua thelathini kutoka pale. Haikupita miezi mitatu kile nacho kikaingia chumvi. Kijiji kizima hakikuwa na tone tamu.

Ofisini nikaambiwa niandike ripoti kueleza sababu. Nilikwenda stoo mchana wenzangu wakila, nikautafuta mfuko wa kumi na tisa. Vipande vilikuwa vimekauka vikapasukapasuka, na jiwe la chokaa halipasuki hivyo. Nikachukua kimoja, nikauma. Laini kama siagi. Kisha kitu kikavunjika kati ya meno, chembe ya kombe. Ule weupe ulikuwa makombe ya bahari yaliyozikwa ndani ya mfinyanzi, na hayo makombe ndiyo yaliyotoa povu. Sekunde tatu. Kama ningeuma siku ile ningekuwa nimejua kwa sekunde tatu.

Hapo ningesema, pengine ningesameheka. Kukosea jina la tabaka ni kosa la kazi, linawapata hata mabingwa. Lakini nilisukutua mdomo, nikarudi mezani, nikaandika kwamba kisima cha zamani kilichochimbwa kwa mkono huenda kilitoboa tabaka la kinga na kuruhusu maji ya chumvi kupanda. Huenda. Hilo neno nalichukia mpaka leo. Nililitia pale ili nikiulizwa niseme sikumshitaki mtu. Mhandisi akasoma, akasema kazi nzuri, nikasema asante.

Ripoti ilisomwa kwenye ofisi ya kijiji, nakala ikaenda wilayani. Mtu haulizi "huenda" ikisomwa kutoka kwenye karatasi yenye muhuri. Watu wakamwita mjomba Mtoboa Bahari. Mwanzoni ilikuwa utani, baadaye likawa jina. Mteja aliyekuwa amempa kazi Kigombe akatuma ujumbe kwamba amepata fundi mwingine. Mwingine wa Pangani akafanya hivyo hivyo. Mama ndiye aliyekuwa akinisimulia, na kila mara alimalizia kwa swali moja: "Wewe msomi, hebu niambie, kweli kaka yangu kaikosea kazi aliyoifanya maisha yake yote?" Nami nilikuwa nikijibu, "Mambo ya chini ya ardhi, mama, magumu." Namjibu hivyo mama yangu mzazi huku natazama simu.

Mwaka ukapita, na miezi juu yake. Sikwenda Mwera hata Idi. Nilijiambia ni kazi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema; yangu ilikuwa fupi kweli, ilikuwa inaishia kila siku kwenye meza ile ile. Siku moja mama alirudi kutoka kumtazama kaka yake, akavua ushungi, akakaa kitandani akasema, "Leo amenipa majembe yake. Eti niwape watu." Nikamwambia mama palepale. Nilimwambia yote, mfuko, povu, kicheko, huenda. Nilitegemea anipige. Hakunipiga, alivaa ushungi wake tena akatoka nje akakaa barazani, na hakusema nami mpaka kesho yake. Kesho yake alisema neno moja: "Nenda."

Nilipitia wilayani Pangani kwanza, nikaacha barua ya kusahihisha fomu, na nakala nilishamtumia mhandisi kwa simu pamoja na ya kuacha kazi, maana nilijua linalofuata na sikutaka kungojea kuitwa. Kisha nikavuka.

Mjomba alikuwa uani kwake anavunja matumbawe ya kujengea, kazi ya kupigwa jua ambayo zamani alikuwa akiwaachia wengine. Alikuwa amekonda. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Hakuacha nyundo. Nilipiga magoti kwenye vifusi nikaanza kusema, maneno niliyoyapanga njia nzima yakanitoka kichwani, nikabaki kurudia, mimi ndiye niliyekosea, mjomba, mimi ndiye. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akaupandisha uso, na nikaona ana hasira, hasira haswa, ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mimi si nilikuwepo!"

Akaligonga jiwe kwa nyundo.

"Nilikuwepo. Nimeutia mdomoni, nikakuonyesha. Unakuja kunipa habari nilizokupa mimi?" Akaitupa nyundo kando. "Ulipocheka nilisema mtoto, ameona haya mbele ya wenzake, yatapita. Nikamwambia na mkaza mjomba wako, yatapita. Lakini karatasi ile uliiandika ukiwa peke yako, mpwa wangu. Pale hapakuwa na mtu wa kukucheka."

Nimeambiwa mengi maishani. Hakuna lililoniingia hivyo. Nililia kwa kwikwi, na yeye hakuninyamazisha, alikaa tu akisubiri. Mwisho akasema, "Kesho Ijumaa. Kawaambie wasiokuwepo."

Nikawaambia. Baada ya swala, kwenye ofisi ya kijiji, wanaume kwenye mabenchi, wanawake wamesimama dirishani na mlangoni na ndoo zao. Mjomba alikaa nyuma kabisa. Niliutoa mfuko wa kumi na tisa nikaupitisha mkono kwa mkono, kila mtu ashike, anuse, na anayetaka aonje. Nikawaambia hiki nilikiita jiwe, na si jiwe, fundi wenu aliniambia na nikamcheka, kisha nikamwandika yeye. Nilipofika kwenye kicheko nilikisema chote, hata kutupa kichwa nyuma. Bwana mmoja wa mbele akaguna, "Loo, na damu yake!" Mwingine akasema nitoke, nisikanyage tena pale. Nilikubali vyote. Kwa siri ya moyo wangu, na hili nalo ni la aibu, nilikuwa naanza kujisikia mwepesi. Nilikuwa nimeshasema. Nilikuwa nangojea ama wanitukane mpaka wachoke ama wanisamehe.

Mama mmoja mlangoni, mjukuu mgongoni, akaniuliza, "Tumesikia. Sasa maji?"

"Nini, mama?"

"Maji. Yatarudi lini matamu?"

Nikasema shimo letu itabidi lizibwe kwa saruji, barua nimeshapeleka. Akasema sawa, likishazibwa? Nikasema chumvi iliyokwisha kuingia kwenye mchanga itaoshwa na mvua, kidogo kidogo. Akauliza mvua ngapi. Wote walinitazama, hata yule aliyenifukuza. Nikasema sijui. Masika mengi. Pengine huyo mtoto mgongoni atakuwa mtu mzima. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaokota ndoo yake, akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na maji siku hizi wanayafuata mbali.

Mjomba alitembea nami kurudi nyumbani. Njiani watu wawili walimsalimu kwa jina lake la fundi, akaitika. Mkaza mjomba, mkewe, alikuwa ametandika jamvi. Kulikuwa na madumu mawili pembeni ya mlango, la buluu na la njano, na nilijua bila kuambiwa: la buluu ni la kisimani, la njano limebebwa kutoka mbali na hunyweshwa wajukuu tu. Akainama akamimina kwenye glasi kutoka dumu la njano.

"Mkaza mjomba, nipe hayo ya kisimani."

"Hayo ya kuoshea vyombo."

"Nipe hayo hayo. Mimi ndiye niliyeyatia chumvi."

Hakukasirika. Alinisogezea glasi kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, akasema, "Kunywa. Mgeni hapewi maji ya chumvi."

Katika nyumba ile nilikuwa nachota mwenyewe kwa kata tangu sijaweza kuufikia mdomo wa mtungi, napandia kigoda, na hakuna aliyewahi kuniita mgeni. Nilimtazama mjomba, nikingoja acheke, aseme mgeni gani huyu, mngemwona alivyonivurugia mafungu. Alikuwa amegeukia uani, anahesabu mawe yake. Nikaishika glasi. Maji yalikuwa matamu, nikayanywa yote, na nikasema asante.